Pakacha na Sita za Waziri

Nchi hii ina jina, na jina lenyewe ni tamu mdomoni, lakini kulitaja hadharani ni huduma ya kulipia, nami sina salio. Itoshe kusema ni nchi yenye amani, utulivu na mawaziri arobaini na saba. Raia wake ni watu wa shukrani. Wanashukuru wakipewa maji, wanashukuru maji yakikatwa kwa kuwa angalau wametangaziwa, na yakikatwa bila kutangazwa wanashukuru kwamba hakuna aliyewasumbua kwa tangazo.

Humo aliishi Bi Sikudhani, mwalimu mstaafu wa jiografia, ambaye kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alitenda kosa ambalo wakati huo lilikuwa bado halijatungiwa sheria. Alisimulia hadithi bure.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Watu wanaketi kuizunguka meza. Mmoja ni msimulizi, na yeye ndiye anayejua njia inaelekea wapi, nyuma ya mlango kuna nini, na katika mji huo wa kubuni leo mvua itanyesha ama la. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anamsemea na kumwamulia mambo. Pakitokea jambo la mashaka, kama kuruka korongo au kumdanganya askari wa getini, mchezaji anarusha dadu. Moja ni balaa, sita ni heri tupu, na zilizo katikati ni kama maisha yetu ya kila siku. Mshindi hakuna. Watu wanacheza ili wajue kitatokea nini.

Meza ilikuwa ya Fundi Chande, mtengenezaji wa cherehani, ambaye mchezoni alikuwa mchawi mwenye ndevu hadi magotini ingawa kidevu chake mwenyewe hakijawahi kuota hata unywele. Kando yake aliketi Nesi Filomena wa zahanati ya kata. Huyu mama humwomba radhi mgonjwa kabla ya sindano na baada ya sindano, lakini kila Jumapili alishika shoka la kubuni akafyeka vichwa vya mazimwi, na jioni akarudi nyumbani amechangamka. Mhusika wa tatu alikuwa Pakacha, mwizi wa mikate.

Pakacha alikuwa wa Kondo, mume wa Bi Sikudhani. Kwa miaka sita Kondo alimchezesha uoga mtupu. Zimwi likitokea, Pakacha yuko nyuma ya mgongo wa Nesi. Vita vikipamba moto, Pakacha anatimua mbio na mkate kwapani, kisha hatari ikipita anarudi taratibu na kuuliza kwa sauti ya puani, "Mmebakiza nini?" Kondo alipofariki, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumfuta Pakacha daftarini. Ikawa desturi yao kwamba kila Jumapili mmoja anamrushia dadu, na huyo huyo anamsemea kwa sauti ile ya puani. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba ni marufuku kumfanya shujaa. Fundi Chande aliwahi kujaribu kumwingiza mtoni aokoe mtoto. Bi Sikudhani akafunga daftari.

"Kondo asingeingia kwenye maji yale," alisema.

Pakacha akabaki ukingoni, akipiga kelele wenzake waingie. Mjane alicheka hadi akafuta macho kwa kanga, maana kwa saa mbili tatu za Jumapili mumewe alikuwa bado ana jambo la kusema, na juma zima lililobaki hakuwa nalo.

*

Ndipo serikali ikagundua kwamba wananchi wana dhana vichwani.

Baraza la mawaziri lilikaa hotelini siku tisa kulijadili. Wataalamu elekezi walieleza, kwa picha za ukutani, kwamba raia wa kawaida kwa siku huwaza vitu arobaini na kimoja ambavyo havipo, na vyote anaviwaza nje ya mfumo rasmi. Waziri mmoja alizirai aliposikia hasara. Siku ya kumi ikaundwa Wizara ya Dhana, na akateuliwa kuiongoza Mheshimiwa Daktari Injinia Kasmiri Ndolela, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hajawahi kuwaza kitu chochote bila idhini.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa siku ya uzinduzi, "taifa lisilosimamia ndoto zake ni taifa linalolala ovyo. Kuanzia leo mtaota kwa ufanisi."

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa makofi siku hiyo yalikuwa na punguzo.

Programu yenyewe iliitwa Ndoto Salama, na kila mcheza hadithi alitakiwa kuiweka kwenye simu yake. Kulikuwa na Kifurushi cha Mlango, kilichokuruhusu kufungua milango mitatu ya kubuni kwa siku. Kufunga ulilipia kando. Kulikuwa na Kifurushi cha Zimwi, ambamo ulipata zimwi zima ila meno yake yaliuzwa peke yake, hivyo mafukara walipigana na mazimwi ya mapengo. Na kwa kuwa programu iliboreshwa kila mwezi, upanga ulioununua Januari ulikuwa haukati Februari. Wengine walijaribu kulalamika, wakakuta malalamiko nayo yana kifurushi chake.

Lakini utaalamu wa kweli ulikuwa kwenye dadu. Dadu za mifupa na za miti zilikusanywa ofisi za kata, na kila aliyesalimisha akapewa stakabadhi, ambayo aliilipia. Badala yake kukawa na dadu ya simu. Mwananchi wa kawaida aliweza kupata moja hadi nne. Tano ilitengwa kwa watumishi wa umma. Sita ilipatikana kwenye Kifurushi cha Dhahabu pekee, na bei yake haikutangazwa ili isiwavunje watu moyo.

*

Afisa Dhana wa Kata alikuwa Bwana Gaitani, mtu mzima mwenye kitambi na roho nzuri, aliyehamishwa kutoka Idara ya Mifugo Ijumaa akaanza kazi mpya Jumatatu. Fomu mpya zilikuwa bado kiwandani. Akatumia zile zile za ng'ombe.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, akiketi kwenye meza ya Fundi Chande na kishikwambi chake. "Nimekuja kusajili wahusika. Tuanze na huyu mchawi. Ana pembe?"

"Hana," alijibu Fundi Chande.

"Alama ya sikio?"

"Hapana."

"Amechanjwa lini?"

Nesi Filomena alisema kwa upole kwamba mchawi huyo hajawahi kuletwa kliniki. Bwana Gaitani akaandika "chanjo inasubiriwa" na kuendelea. Aliyapiga picha madaftari yote kumi na moja ambamo Bi Sikudhani alikuwa ameuandika ulimwengu wao, mito yake, miji yake na misimu yake ya mvua. Alimhakikishia kwamba sasa mchwa hawatayapata kamwe. Kisha wakafika kwa Pakacha.

"Mmiliki wa mnyama," alisoma Bwana Gaitani. "Yaani wa mhusika. Jaza mwenyewe hapa, mwalimu."

Fundi Chande alimgusa Bi Sikudhani mguu chini ya meza. Alimgusa tena. Mwisho akanong'ona, "Dada, andika jina lako. Yaishe."

Sasa huyu mama alikuwa ametumia miaka thelathini na minne kuwagombeza watoto waliojaza fomu za mtihani vibaya. Alikuwa amekwisha kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya tarehe ya kuzaliwa. Mtu mwingine yeyote katika nchi ile angeandika uongo bila hata kusita, kwa kuwa serikali yenyewe ndiyo iliyokuwa ikifundisha. Bi Sikudhani hakuweza.

"Mimi siandiki uongo kwenye fomu, Chande," alisema, na kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni akaandika: Kondo, marehemu.

Bwana Gaitani aliutazama mwandiko ule kwa huzuni. Alibonyeza mahali, kishikwambi kikalia. Mnyama ambaye mmiliki wake amekufa bila kuacha maelekezo, kwa mujibu wa kanuni, ni mali ya serikali, na hupelekwa mnadani.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya Nesi Filomena kumsemea Pakacha. Simu ikaandika kwamba mhusika huyo hayupo. Walikaa wakiitazama meza hadi chai ikapoa, kisha kila mtu akaenda kwake mapema.

*

Siku hizo hizo Mheshimiwa Waziri alikuwa anatafuta mhusika. Ilikuwa lazima awe mfano kwa taifa, acheze mwenyewe, na hadhi yake haikumruhusu kuanza na mgeni asiye na rekodi. Mfumo ulipekua wahusika wote wa jamhuri na kumletea aliyeishi muda mrefu kuliko wote, miaka kumi katika vita hamsini na tatu bila hata mchubuko. Mashujaa wote wa kweli walikuwa wamekwisha kufa. Aliyebaki ni Pakacha, kwa kuwa alikuwa akikimbia.

Wizara ikahitimisha kwamba hafi. Ikamnunua kwa fungu la maafa.

Kisha wakamboresha. Walimwekea mabega, wakamwekea farasi, wakaondoa mkate kwapani na badala yake wakampa bendera. Ile sauti ya puani ilifutwa, ikawekwa ya Mheshimiwa mwenyewe, nzito na iliyokohoa vizuri. Akaitwa Jemadari Pakacha. Picha zake zilibandikwa kwenye kuta za shule, na watoto wakafundishwa wimbo kuhusu kifua chake.

Bi Sikudhani alipoiona picha ile mara ya kwanza alikuwa amebeba mboga. Aliitazama kwa muda, kisha akaenda nyumbani, akavaa viatu vyake vya msibani na kwenda Wizarani. Dirisha la kwanza lilimpeleka la nne, la nne likampeleka la kwanza, na la kwanza likamwambia alipaswa kuanzia la tisa. Hapo alimkuta dada mmoja aliyekuwa anakula karanga.

"Mwenye mhusika afike mwenyewe," alisema yule dada.

"Amefariki. Mimi ni mkewe. Hiki hapa cheti cha kifo."

Dada alikisoma cheti mbele na nyuma. "Hiki kimeandikwa Kondo. Wewe ndiye Kondo?"

"Nimekwambia amefariki, mwanangu."

"Nimesikia, mama. Ila cheti ni cha kwake, kwa hiyo yeye ndiye anatakiwa akilete. Mwambie aje kabla ya saa nane, mchana tunafunga dirisha."

Na akalifunga, kwa kuwa ilikuwa saa nane kasoro. Bi Sikudhani alirudi kwa miguu. Alikuwa na hasira ya mtu aliyekuta nguo za marehemu wake zimevaliwa na jambazi, na jambazi anashangiliwa barabarani.

*

Kisha mfumo, uliokuwa ukisimulia kwa kusoma madaftari ya Bi Sikudhani yaliyopigwa picha, ukakwama. Daftari la kumi na moja liliishia langoni mwa mji, na nyuma ya lango lile mfumo haukujua kuna nini. Wataalamu elekezi walishauri kwamba nyuma ya lango kuwe na lango jingine, na nyuma yake jingine, na yote yauzwe. Kwa majuma matatu taifa zima lilinunua malango. Hata raia wale wa shukrani walianza kuuliza tunakwenda wapi, na hilo ndilo swali ambalo serikali ile ilikuwa ikiliogopa kuliko kipindupindu.

Bwana Gaitani alikuja na barua. Bi Sikudhani ameteuliwa kuwa Msimulizi wa Muda wa Taifa, kazi ya siku moja, uwanja wa michezo, mbele ya umma. Posho hakuna, fulana ipo.

"Nikisimulia, nitarudishiwa Pakacha?" aliuliza.

Bwana Gaitani aliigeuza barua kutazama nyuma yake. "Hilo halimo, mwalimu."

"Na nikikataa?"

"Kukataa ni Kifurushi cha Dhahabu."

Alisema hivyo akitazama chini, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na alikuwa na watoto watano. Bi Sikudhani akachukua fulana.

*

Uwanja ulijaa tangu adhuhuri. Wanafunzi waliletwa kwa malori, watumishi kwa barua, na wengine wote kwa tetesi za soda. Mheshimiwa aliketi jukwaani kwenye kiti cha kukodi chenye taji. Nyuma yake kulikuwa na kioo kikubwa kikimwonyesha Jemadari Pakacha na mabega yake. Bi Sikudhani alipewa kigoda na kipaza sauti. Fundi Chande na Nesi Filomena walisimama chini ya jukwaa, wakimtazama kama watu waliosindikiza mgonjwa.

"Pakacha yuko langoni," alianza Bi Sikudhani.

"Nalivunja," alisema Waziri, akabonyeza simu. Kioo kikaandika sita.

"Limevunjika."

"Nani yuko ndani?"

"Joka."

"Naliua." Sita.

"Limekufa."

Likaja joka la pili, likafa. Likaja jeshi, likafa. Yakaja mafuriko, nayo Waziri akayaua. Baada ya saa nzima uwanja ulikuwa unapiga miayo, na Waziri Mkuu, aliyekaa meza kuu, alikuwa amelala huku macho yakiwa wazi kama kanuni za itifaki zinavyotaka. Hakukuwa na kitu cha kusubiri. Kila alichokitaka Mheshimiwa kilitendeka, na kila kilichotendeka kilikuwa kimekwisha kulipiwa kwa kodi za hao hao waliokuwa wakipiga miayo.

Bi Sikudhani alikuwa akisikiliza. Muda wote ule alikuwa akiitafuta sauti ya puani chini ya ile sauti iliyokohoa vizuri. Hakuipata. Akaelewa kwamba hakuna dirisha litakalomrudishia, na kwamba Pakacha ataendelea hivi, ana mabega, ana bendera, anaua mafuriko, mpaka mwisho wa serikali, na serikali zile hazina mwisho. Alifungua daftari la kumi na mbili, jipya, ambalo hakuna aliyelipiga picha.

"Miaka inapita," alisema. "Pakacha amezeeka."

Waziri aligeuka. "Mimi sijaomba kuzeeka."

"Hakuna anayeomba, Mheshimiwa. Mvua na miaka ni kazi ya msimulizi. Pakacha amelala kitandani. Anaumwa. Anakufa."

Uwanja ulizinduka. Waziri Mkuu alilala vizuri zaidi.

"Sikubali," alisema Waziri. "Narusha."

Alirusha. Kioo kikaandika sita, kwa maandishi ya dhahabu, na bendi ya polisi ikapiga. Mheshimiwa aliegemea kiti chake, akangoja kufufuka.

"Sita," alisoma Bi Sikudhani. "Hongera, Mheshimiwa. Amekufa vizuri."

Waziri alikunja uso, akarusha tena. Sita.

"Amekufa bila maumivu."

Kondo alichukua siku tatu kufa, kwenye benchi la ukumbini katika hospitali kubwa ya nchi ile, ambako dawa ya maumivu ilipatikana kwenye hotuba ya bajeti tu. Bi Sikudhani hakuwahi kulisimulia hilo kwa mtu. Hata sasa hakulisimulia. Alingoja dadu.

Sita.

"Amekufa kitandani. Kitanda ni chake peke yake, na shuka limefuliwa."

Sita.

"Daktari amekuja. Amekaa naye."

Sita.

"Ameomba chai, ikaletwa ya moto."

Sita.

Siku ile, wakati Kondo anakata roho, yeye alikuwa foleni ya dirishani, ametumwa muhuri.

"Mkewe yupo," alisema. "Ameushika mkono wake tangu asubuhi. Hakutumwa popote."

Nesi Filomena alikuwa analia bila kumwomba mtu radhi. Kisha huko juu, kwenye mabenchi ya bei rahisi ambako hakuna kivuli, mtu mmoja alisimama. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye vumbi la saruji kwenye suruali.

"Rusha tena," aliita.

Akasimama mwingine, na mama mmoja, na safu nzima. "Rusha tena, Mheshimiwa." Upande wa wanafunzi nao ukasimama, na watumishi walioletwa kwa barua wakasimama, watu elfu ishirini wakimtaka arushe. Mheshimiwa Daktari Injinia Kasmiri Ndolela hakuwahi kupendwa namna ile. Aliinuka kitini, akapunga mkono kulia na kushoto, akauonyesha umma simu yake.

Bi Sikudhani alikuwa amekwisha kumwachia Pakacha, na alijua amemwachia, na alikuwa analia kilio ambacho hakupata nafasi ya kukilia miaka minne iliyopita. Alitaka kushuka aende nyumbani. Lakini yule mwanamume wa saruji alikuwa ameteremka ngazi zote mpaka chini ya jukwaa, amevua kofia, na polisi walikuwa hawajui kama hilo linaruhusiwa.

"Mwalimu," alisema, "arushe na ya mama yangu. Alilala benchi la pili kutoka la mumeo, kule hospitali."

Nyuma yake watu walikuwa wanapanga mstari, wenyewe, bila kuambiwa. Jukwaani Waziri alikuwa bado anatabasamu, kidole juu ya simu.

Bi Sikudhani alijifuta macho, akafungua ukurasa mpya.

"Alikuwa anaitwa nani?" aliuliza.